Mguu wa Usipa na Jogoo Aliyeuzwa Mara Nne

Jumapili, mchana. Upepo wa mwera unavuma tangu alfajiri, ziwa limechafuka, mitumbwi yote imelala mchangani kama watu wasio na kazi. Na mimi nimelala, ila mimi nina sababu. Kuna mbwa kaweka kichwa kwenye goti langu na sitaki kumwamsha.

Shajara, leo nina dharau nyingi. Kaa vizuri.

Kwa wale wanaofungua ukurasa huu mtandaoni mara ya kwanza (karibuni, mmechelewa): mimi ndiye yule kijana wa Mbamba Bay aliyeacha shule kidato cha pili na anayefuga mbwa wasiotakiwa na mtu. Ninao watano nyuma ya nyumba ya marehemu babu. Nawaokota, nawatibu, nawafundisha kukaa, kungoja na kulinda, halafu nawatafutia kwao. Hakuna mwingine anayefanya kazi hii ufukwe huu wote. Kama yupo ajitokeze tushindane.

Usipa ndiye mdogo wao. Nilimpa jina hilo kwa sababu siku ya kwanza nilimkuta mwembamba kama hao dagaa wa ziwani wenyewe, tena akiwaiba kwenye chanja wanapoanikwa. Mwezi uliopita alivunjika mguu wa nyuma, kidonda kikaoza. Wiki juzi bwana mifugo alikuja, akaziba pua, akasema apelekwe Mbinga akapasuliwe ndani ya wiki moja, la sivyo arudi yeye na sindano ya kumlaza moja kwa moja. Alisema hivyo huku anaangalia simu.

Sikuwa na hela. Nikafanya kinachofanywa na kila mtu hapa akitaka hela: nikatoa kadi za mchango.

Kijana wa steshenari alikuwa na mfano mmoja tu kwenye kompyuta yake, wa harusi. Maua pembeni, pete mbili juu. Nikamwambia acha hivyo hivyo, badilisha maneno. Ikatoka hivi: "Familia ya marehemu mzee Kanuti inayo furaha kukuomba mchango wako ili kufanikisha matibabu na mafunzo ya binti yao mpendwa, Usipa, aliyegongwa na bodaboda asiyejulikana." Mimi niliiona nzuri. Bado naiona nzuri.

Sasa sikia watu wa hapa.

Hawa ni watu ambao wakisikia harusi wanauza hata bati za jiko. Wanakaa vikao vinane kujadili rangi ya vitambaa vya viti. Lakini mbwa? Kadi zilirudi na vicheko. Mmoja kaandika, "Hongera kwa kupata mchumba, mnafanana." Mwingine katia kipande cha sabuni ndani ya bahasha. Mwalimu wangu wa zamani kasahihisha maneno kwa kalamu nyekundu, kanipa alama sita kwa kumi, mchango hakutoa. Waliobaki waliandika "ahadi". Ahadi! Mtu hana nia ya kukupa kitu, ila anataka jina lake lionekane kwenye orodha.

Halafu kuna mjomba wangu wa Namswea. Msimu uliopita wezi walikuwa wanamkombea kahawa kwenye vichanja. Nani alimpelekea mbwa? Mimi. Kanali, mbwa niliyemfundisha mwenyewe miezi mitano, nikampa bure. Tangu hapo hajapotelewa na punje. Kahawa ikamlipa, akanunua spika kubwa kuliko mlango wake, ikabidi avunje fremu kuiingiza. Nilipomwomba kwa ajili ya Usipa alinitumia picha ya kidole gumba. Kidole gumba! Daktari wa mifugo anapokea vidole?

Kadi moja sikuitoa kabisa. Ya Mama Hilda.

Mama Hilda ndiye mwenye chanja ndefu kuliko zote pale mwaloni, pale mitumbwi inapoteremshia samaki. Amempiga Usipa kwa kasia si mara moja. Siku chache baada ya mguu kuvunjika niliandika hapa hapa kuhusu yeye. Nikambatiza Bibi Kasia. Mlicheka sana, wengine mkawatumia wenzenu. Sikuandika kwamba yeye ndiye aliyemvunja. Niliweka tu kasia na mguu karibu karibu, nikawaachia nyie mmalizie.

Mkamalizia.

Watoto walianza kumwimbia njiani akienda kuchota maji. Mimi nikajiona mwandishi.

Jumapili iliyopita zilikuwa zimebaki siku tatu za bwana mifugo. Baada ya misa huwa kuna mnada wa mavuno, vile vitu vya sadaka: mihogo, mayai, mikungu ya ndizi. Nikamwangukia katekista, ambaye ndiye dalali, anikubalie kitu kimoja mwishoni, kanisa likishamaliza vyake. Akanitazama kama ninamwomba abatize kunguru. Mwisho akasema, "Kimoja. Na mbwa asisogee hapa."

Nikaleta jogoo wangu. Jogoo mwekundu, kifua mbele, anatembea kama mkuu wa wilaya. Katekista akamnyanyua juu.

"Jogoo huyu ni kwa ajili ya mguu wa mbwa! Nani anaanza?"

Kicheko kutoka nyuma. "Elfu moja, na huyo mbwa aje amchukue mwenyewe!" Mwingine: "Mwenyekiti wa mbwa, kadi yako ina pete, posa imeshatolewa?" Waumini wazima, wametoka kupeana mkono wa amani sasa hivi. Nilisimama pale nikijifanya natafuna kijiti. 

Ndipo sauti ikatoka upande wa akina mama.

"Bibi Kasia anasema elfu ishirini."

Vichwa vikageuka, hata cha jogoo. Mama Hilda akasogea mbele na kanga yake ya kanisani, hana haraka. Akalipa. Katekista akamkabidhi jogoo, yeye akamrudisha mezani. "Mjukuu wangu wa darasa la sita kanisomea yote yaliyoandikwa," akasema, bila hata kunitazama. "Kumbe mimi ni maarufu. Jogoo auzwe tena."

Mnaojua minada yetu mnajua maana yake. Mtu akinunua akarudisha, wenye uwezo hawana pa kujificha. Na yeye hakuwaachia. Aliwaita mmoja mmoja, kwa majina ya watoto wao. "Baba Festo, wewe uliyecheka, kicheko chako bei gani?" Baba Festo akatoa elfu kumi huku anatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Akarudisha jogoo. Mwalimu wangu wa kalamu nyekundu naye akabanwa. "Mwalimu, hii nayo sahihisha." Akanunua, akarudisha. Mara ya nne Mama Hilda akamnunua tena mwenyewe, na safari hii akamtia kwapani.

Nilimfuata hadi kwenye ukuta wa kanisa. "Shikamoo mama." Aliitikia marahaba kwa pua. Nikaanza hotuba yangu ya shukrani, nilikuwa nimeipanga vizuri. Akanikatisha.

"Dereva hajulikani, eh?"

Nikaanza kubandua chokaa ya ukuta.

"Nilikuwa naanika. Nilimwona dereva. Kavaa fulana yako."

Basi, shajara, nimelizunguka hili mwezi mzima na leo sina pa kuzungukia. Pikipiki ilikuwa ya rafiki yangu, niliazima niwaonyeshe mabinti wa mwaloni jinsi ninavyoweza kuendesha nimeachia mikono. Usipa alikuwa ananikimbilia mimi. Alifurahi kuniona, ndiyo maana hakukwepa. Nilisikia mguu. Nikambeba hadi nyumbani, na kabla sijafika nilikuwa nimeshamtunga bodaboda asiyejulikana. Bodaboda peke yake hakunitosha, nikamtafuta na mtu wa kumwekea kasia karibu.

Mwalimu wa mbwa pekee ufukwe mzima. Mbwa wangu wanajua kungoja. Mimi sijui.

Mama Hilda angeweza kuyasema yote pale mnadani, na watu wangenila mzima na vijiti vyangu. Hakusema. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ungepata wapi hela ya mbwa, we mjinga?" Akanipa masharti yake: kunguru na bata wanammalizia samaki kuliko Usipa alivyowahi kummalizia. Akipona, afundishwe kulinda chanja bila kugusa samaki. Mwalimu wake, yaani mimi, atafundishia pale pale, juani, mbele ya watu, huku anageuza usipa kwa mikono yake mpaka msimu uishe. "Na ule uongo wako uufute ulipouandikia," akaongeza. Jogoo akanitazama kutoka kwapani. Jioni ya siku hiyo nilipita kwake nikasikia harufu ya mchuzi.

Jumanne nikapanda Mbinga na Usipa ndani ya kapu la kahawa, nimemfunika na sweta yangu. Huko juu baridi inauma masikio. Daktari alimpapasa muda mrefu, akaniuliza alivunjika lini. Nikamwambia. Akasema ningemleta wiki ile ile wangeuunga. Sasa unakatwa.

Wiki ile ile. Wiki ile ile mimi nilikuwa naandika vichekesho.

Michango ilitosha kukata, dawa, na chanjo kwa wote watano. Nilikuwa nimejigamba kila mahali kwamba atarudi anakimbia kwa miguu minne. Amerudi na mitatu. Jana alijaribu kujikuna kwa ule usiokuwepo, akaanguka, akaamka, akanitazama kama mimi ndiye ninayejua jibu.

Waliocheka kadi yangu bado nawadharau, wasijidanganye. Mjomba, hilo spika lipasuke. Wenye ahadi, orodha ninayo. Ila leo wote mmepitwa. Wa kudharauliwa zaidi anaitwa kwa jina langu, na amelaliwa goti na mbwa yule yule aliyegongwa naye.

Kwa hiyo someni vizuri, na mtume kwa wenzenu kama mlivyotuma ile ya kwanza: Mama Hilda hakumvunja Usipa. Ni mimi. Mtoto wa darasa la sita, msomee bibi yako hapa, polepole, usiruke mstari.

Upepo umeanza kupungua. Kesho usipa wataanikwa. Saa kumi na mbili asubuhi tunaripoti chanjani, mimi na yeye.

Miguu mitano.