Ng'ambo ya Bi Somoe

Palma, Jumapili baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia kichwani, kwa sauti yako ile ya kuvuta. Miguu inaendeleaje? Mimi mzima, ila nimekuwa mtu wa kuduwaa; nakaa dirishani naangalia ukungu mpaka chai inapoa. Mji wenyewe unaota. Tangu gesi ionekane baharini, kila mtu anatembea huku anajenga nyumba kichwani.

Kazi yangu ni ile ile, kutafsiri Kireno na Kiswahili kwenye kampuni ndogo inayowapikia watu wa gesi. Wiki hii tulitaharuki. Patrão, ndiye bosi wetu, alisikia kwamba maofisa watapita kukagua nani mgeni na nani ana kibali cha kazi. Akamleta bwana mmoja kutoka Pemba, mji wa huku, si kile kisiwa chetu, atufanyishe mazoezi, tuulizwe mapema yale tutakayoulizwa siku yenyewe. Asiye na kibali aondoke kabla, maana faini ingemwangukia yeye patrão.

Zamu ya Bi Somoe ikafika. Ndiye yule mpishi niliyekusimulia, anayenifichia ukoko wa wali kama mwanawe.

“Umezaliwa wapi, mama?” nikamuuliza kwa niaba ya yule bwana.

“Ng'ambo,” akajibu, mawazo yakiwa kwenye sufuria zake.

Nikatafsiri bila kufikiri: Tanzania. Hapa Palma, ng'ambo ya mto wa mpakani ni huko kwetu, hakuna asiyejua. Kibali hana. Yule bwana akatikisa kichwa, patrão akasema alipwe siku zake aende. Mama, moyo uliniuma.

Nilimkuta jikoni anakunja aproni polepole. Mvua inanyesha, moshi umejaa, nikawa namsikia kama kwa mbali, “Mtu anafukuzwaje kwao?” Neno “kwao” likaelea mle ndani, likazunguka, ndipo nikazinduka.

“Bi Somoe, ng'ambo ipi?”

“Ng'ambo hii hii! Nimezaliwa hapo Tungue, si mbali na hapa.”

“Sasa mbona ulisema ng'ambo?”

“Si nimekulia Mtwara kwa shangazi? Kule, ng'ambo ni huku. Miguu imevuka, mwanangu, mdomo umebaki.”

“Na kitambulisho?”

“Kimo sandukuni na kanga zangu. Nani aliwahi kukiuliza?”

Nilicheka huku nalia. Nikakimbia mvuani kwa patrão, nikamwambia kosa ni langu mtafsiri. Akasema aletewe hicho kitambulisho. Kikaja kinanukia udi, na Bi Somoe akarudishiwa aproni yake.

Juzi maofisa wenyewe walikuja. Alipoulizwa, hakunisubiri. “Hapa,” alisema, akagonga sakafu kwa kisigino. “Hapa hapa.”

Kisha wakaniita mimi. Kibali changu kilikuwa sawa, alhamdulillahi. Ofisa mmoja, kijana wa pwani hii, akaniuliza kwa mazungumzo tu, “Kwenu wapi, dada?” Nikasema, “Ng'ambo,” nikanyoosha kidole upande wa mto.

Nisalimie shangazi Mwanahawa, mshonaji wetu, na kaka Athumani. Kaka mwambie asiuze mbuzi wangu. Majirani wakikuuliza niko wapi, najua utawajibu ng'ambo. Nami huku wakiniuliza mama yangu yuko wapi, nawajibu neno hilo hilo.

Mwanao wa ng'ambo, kwa mama yangu wa ng'ambo,

Zuhura