Kioo cha Dirisha la Jikoni

Mjukuu wangu Kamau,

Huku Gatuanyaga tuko salama, ila cucu, nyanya yako, bado analalamikia magoti. Umeniuliza utamwombaje baba yako msamaha.

Nikiwa kijana niligombana na baba yangu, nikabamiza dirisha, kioo kikavunjika. Kesho yake alinipa puti, ule mchanganyiko laini wa kushikizia kioo kwenye fremu, akaniambia niikande mpaka iache kunata mikononi. Kisha akashikilia kioo kipya kwa ndani, nami nikiwa nje nikaibandika pembeni kwa kidole gumba.  Tuliangaliana muda mrefu, kioo tu katikati yetu. Tulipomaliza, akanimiminia chai.

Kile kioo cha jikoni ulichovunja hakijabadilishwa. Baba yako amemkataa fundi mara mbili. Puti ameshanunua. Mtu wa kumshikia kioo ndiye asiye naye.

Guka wako