Sikukosa Kazi kwa Sababu ya Malaria

Jumanne, mchana. Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado haijachoka. Niko kitandani, hapa Bagira, mtaa wa juu ya mji, nimejifunika blanketi mbili na meno yanagongana. Masikio yanavuma kwa ajili ya kwinini. Mama yangu anachungulia mlangoni kila mara kuona kama bado napumua. Naandika hivyo hivyo, kwa kalamu, na Jumamosi nikipata nguvu nitashuka cyber niyaweke haya kwenye ukurasa huu, ambao binamu yangu wa Ubelgiji alinifungulia akisema nitakuwa najiliwaza.

Basi leo ninajiliwaza kwa hasira.

Kwa wale wanaosoma kutoka mbali: tangu vita hii ya pili ianze, mji wetu una wakubwa wapya. Walikuja na bunduki wakakaa maofisini, na sisi tuliokuwa maofisini tukabaki palepale na viti vyetu, ila tukabadilishiwa mtu wa kumwamkia asubuhi. Mimi ni sekretere katika ofisi moja ya serikali. Sitaitaja, kama vile sitajitaja mimi mwenyewe. Mume wangu alikuwa safarini Kinshasa vita ilipokata njia, na hadi leo yuko huko. Kwa hiyo ofisi hiyo ndiyo inayotulisha, mimi, mama na watoto wetu watatu.

Wiki iliyopita watu waliuawa huko milimani, wakulima na wanawake wa soko. Mmoja wao alikuwa maman Nsimire, ambaye kila Jumamosi aliniletea maharagwe kutoka kijiji cha Miti, na akiwaona watoto wangu aliwaongezea parachichi bila mtu kumwomba. Nilimjua kwa miaka. Nilijua goti lake linalouma na jina la mbuzi wake.

Maparokia yakaomba Jumatatu iwe ville morte, siku ya mji kuzimika: maduka yafungwe, magari yasitembee, kila mtu abaki kwake kwa ajili ya wafu hao. Wakubwa nao wakatoa tangazo kwamba ofisi zote zitafunguliwa, na mtumishi asiyefika atakuja kujieleza Jumanne. Tangazo hilo nililipiga kwa mashine mimi mwenyewe siku ya Ijumaa. Hata Kifaransa chao nilikisahihisha. Na wakati vidole vinapiga, kichwa kilikuwa kimekwisha kuamua kwamba siendi.

Nilijisikia vizuri ajabu. Sijui niseme vipi. Tangu wafike, nimekuwa nikiitikia tu. Ndiyo, Komanda. Sawa, Komanda. Hatimaye nilikuwa na kitu changu cha kukataa.

Halafu Jumapili, tumetoka misa, malaria ikanishika.

Ilianza mgongoni kama kawaida, ikapanda kichwani, na jioni nilikuwa natapika kwenye beseni. Mama alipika majani ya mubirizi, yale machungu ambayo hunywi bila kufumba macho, akakaa pembeni ya kitanda akifurahi waziwazi.

"Ona vile Mungu iko muzuri," aliniambia. "Sasa utabakia ku nyumba na hakuna mutu atakusemesha. Uko mugonjwa, njo basi."

Nilikasirika hata nikasahau kichwa kinauma.

Mimi ninakwenda kazini na malaria! Mwulize yeyote pale ofisini. Nimepiga barua za watu nikiwa nimejifunga kitenge hadi masikioni, jasho likidondoka kwenye mashine. Huku kwetu malaria haimbakishi mtu nyumbani mpaka ashindwe kusimama. Na sasa, siku moja maishani mwangu nataka kukosa kazi kwa kusudi, mbu anakuja kuniombea ruhusa.

Nilikataa. Jumatatu alfajiri nikaamka, nikaoga maji baridi, nikavaa nguo za ofisi na viatu vya kisigino. Mama alidhani homa imefika kwenye akili. Nikatoka, nikapanda polepole hadi barabarani pale magari yanapongojea watu wa kushuka mjini. Hapakuwa na gari hata moja. Maduka yote yamefungwa, mbwa wamelala katikati ya njia kama wenye mji. Nilisimama. Miguu ilikuwa inatetemeka, lakini ilinishika. Nikasema moyoni: kwa miguu, pole pole, nikipumzika njiani, leo ningefika ofisini. Ningeweza.

Ndipo nikageuka, nikarudi nyumbani, nikalala na viatu vyangu.

Mnaona? Nilitaka kuwa na hakika. Kama sikuweza kwenda, basi nilibaki kwa sababu ya homa tu, na maman Nsimire hakupata kitu kutoka kwangu.

Mchana watu wakatoka milangoni kupiga masufuria, kama tulivyokuwa tumeagizana, na Bagira nzima ikalia. Nami nikatoka na sufuria ya bugali na mwiko, nimeegemea ukuta. Nililia pia. Sijui ilikuwa homa au nini, nililia mpaka jirani akanishika mkono akanirudisha ndani.

Jioni Chantal akafika. Chantal ni mwenzangu wa meza ya pili pale ofisini, na ni rafiki yangu kabisa, ndiye aliyenishika mkono nilipokuwa nazaa mtoto wa mwisho. Alikuwa na karatasi ya daktari, billet tunavyoiita, kwenye sidiria yake, ina jina langu na muhuri, imeandikwa malaria. Muuguzi mmoja alikuwa ameziandika nyingi siku ile. Kila mtu wa ofisi yetu aliyebaki nyumbani alikuwa na yake, hata papa Déo wa uhasibu, ambaye sijawahi kumwona akipiga chafya.

"Siendi nayo," nikamwambia.

"Weye? Si weye uko mugonjwa kweli! Sasa bongo iko wapi hapo?"

Hapo ndipo paliponiuma. Uongo haukuwepo. Kati ya karatasi zote zile, ya kwangu ndiyo iliyokuwa ya kweli, na mimi peke yangu ndiye niliyeshindwa kuipokea. Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia siku ile nimekwisha kuitoa kwa yule marehemu, siwezi kumnyang'anya nikampa mbu.

"Na siye?" Chantal akauliza. "Ukisema ulikatala, siye benye tuko na billet batatuwaza je?"

Aliiacha karatasi mezani chini ya kikombe, akaenda zake bila kunywa chai.

Sitajifanya shujaa hapa. Niliogopa. Niliwaza unga, niliwaza ada za shule, niliwaza papa Déo na watoto wake tisa, ambao wangeweza kuumia kwa sababu mimi nataka kuwa na moyo safi. Mara kadhaa nilinyoosha mkono nikaigusa ile karatasi. Ilikuwa rahisi mno. Ningelala tu, Chantal angeipeleka, nami ningekuwa mgonjwa wa kweli mwenye karatasi ya kweli, na hakuna mtu duniani angeniita mwongo.

Mimi ningejiita.

Leo asubuhi sasa ndiyo nilikuwa mgonjwa barabara. Kusimama tu, nyumba ilizunguka. Mama akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Jana ulikuwa na nguvu, ukakatala kuenda. Leo hauna nguvu, njo unaenda?"

"Njo vile, mama."

Maana nikilala leo, karatasi ndiyo itakayosema kwa niaba yangu. Nikaiacha palepale chini ya kikombe. Jirani mwenye pikipiki akanishusha mjini chini ya mvua, nimemkumbatia kama mtoto.

Komanda, yule ambaye wakubwa wamemweka atusimamie, alituita sote katika chumba cha mkurugenzi. Mkurugenzi wetu ni mzee wa serikali ya zamani, mtu mpole. Alikuwa anatazama kalamu yake tu. Komanda akasoma karatasi moja baada ya nyingine kwa sauti. Malaria. Malaria. Malaria. Ya Chantal, malaria. Akacheka.

"Bureau muzima! Hii mbu iko inafanya politique."

Kisha akaniona mimi, ukutani, nimejifunga kitenge.

"Na weye, maman, mwenye unatetemeka. Yako iko wapi?"

"Sina, Komanda. Malaria niko nayo, lakini haiko malaria yenye ilinizuiya. Miye sikuyaka ku kazi juu nilikatala."

Mimi nilisikia kwinini tu ikivuma masikioni.

"Ulikatala juu ya nini?"

"Nilikuwa ku kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya maman mwenye alikuwa ananiuzishaka maharagwe."

Komanda akawanyooshea wenzangu kidole. "Na hawa? Nao balikatala?"

Chantal alikuwa anaangalia viatu vyake. Papa Déo alifumba macho kabisa.

"Bale? Hapana, Komanda. Bale beko bagonjwa. Miye nakaaka nabo kila siku, minabajua. Malaria ya hii mvua iko mubaya sana."

Nilisema hivyo bila kupepesa. Niliwathibitishia malaria wote, mmoja mmoja, kwa majina, hata papa Déo nikamwongezea kuharisha. Ni uongo, na nitauungama Jumamosi kwa padri, lakini sitajuta. Wao walikuwa na sababu zao za kuogopa, nami nina zangu za kukataa.

Komanda akakusanya karatasi zake taratibu. Nafikiri alijua kila kitu. Mtu hawezi kunitazama mimi na kuwatazama wale akakosa kujua.

"Sawa," akasema. "Bagonjwa barudie ku kazi. Weye mwenye uko muzima, enda ku nyumba. Usirudie mpaka tukuite."

Akatoka. Tukabaki tumesimama. Kisha mkurugenzi akauliza kwa sauti ndogo nani ataipiga barua ya kunisimamisha, na kila mtu akanigeukia, maana mwenye kujua mashine pale ni mimi tu.

Nikakaa. Nikapachika karatasi. Mkurugenzi akainama karibu na sikio langu akaanza kunisomea, na alipofika kwenye sababu akashusha sauti zaidi.

"Tuweke sababu za afya, maman. Komanda hatasoma. Baada ya wiki mbili nakurudisha."

Mzee yule ananipenda kama binti yake, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko Komanda. Nikamwambia asante, papa. Kisha nikapiga: alikataa kuja kazini. Nikapiga kwa nguvu, herufi zikatokea hadi nyuma ya karatasi. Nikamwekea mbele yake asaini. Aliposaini hakunitazama.

Chantal alinisindikiza hadi mlangoni. Alivua koti lake la mvua akanivika mimi, akanifunga vifungo vyote hadi shingoni, akarudi ndani kufanya kazi na ugonjwa wake.

Sijui tutakula nini mwezi ujao. Naandika hilo pia, ili nisijidanganye baadaye nikisoma ukurasa huu. Sijui wataniita lini, au kama watakaponiita itakuwa ni kwa kazi. Ninaogopa hata sasa hivi, chini ya blanketi. Lakini nikifumba macho namwona maman Nsimire akichota maharagwe, na simwepuki macho.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa ananingoja mlangoni. Alinivua viatu, akaniletea mubirizi ya moto, na nilipokuwa naimeza nikageuka kutazama mezani. Kikombe kilikuwa palepale. Chini yake hapakuwa na kitu.

"Mama, ile billet iko wapi?"

"Makaa ilikuwa na maji," akasema, akikoroga dawa iliyobaki. "Nilitafuta karatasi ya kuwashia moto."

Basi. Kesho sina pa kwenda. Kesho nitaugua vizuri.