Karibu Niliyompa Muuza Maua wa Krete

Binti yangu Wawuda,

Jumapili ulipopiga simu nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kanisani, hata viatu sijavua, na tangu salamu nilijua kuna neno unalizungukia. Ulinieleza habari za gauni, ukaja kwenye keki, ukaniambia wazazi wa Manoli wameamua karamu ya harusi iwe palepale, kwenye mkahawa ule wa uchochoroni tulikokula nao mwaka jana. Kisha ukashusha sauti. "Mama, ukija, plizi, usimkaribishe mtu anayepita." Nami nikacheka. Nikasema, "Sharp, mwanangu, nimeelewa," kama wanavyosema vijana wa hapa Johannesburg. Tulipokata simu nilikaa kitandani na viatu vyangu mpaka chai niliyoitengeneza ikapoa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitacheka tena. Unanijua, aibu ikinishika mimi hucheka. Najua pia kwamba Kiswahili cha kusoma kinakupa taabu. Soma polepole, kwa sauti ukipenda, na neno likikushinda litazame pamoja na majirani zake utalielewa. Nataka ujue kwa nini miezi yote hii, kila ukiniuliza kama nimeomba likizo na viza, mimi nakujibu habari za goti linaloniuma.

Unakumbuka ile jioni ya kwanza? Ulikuja kunipokea uwanja wa ndege na sare ya hoteli yako, jina lako kifuani, unazungumza Kigiriki na dereva wa teksi kama mtu aliyezaliwa huko. Kisiwa cha Krete mimi nilikuwa nakisikia kanisani tu, na sasa mwanangu ananibebea sanduku humo. Nilijivuna, sikufichi. Ikafika saa moja, tumbo langu likadai chakula, nawe ukaniambia huku watu hula saa nne usiku. Nilidhani unanitania. Tukashuka bandari ya zamani, na kweli, meza zimetandikwa, mishumaa tayari, hakuna hata mtu mmoja. Ukaninunulia mkate wa duara wenye ufuta, nikautafuna nimeketi ukingoni mwa bahari kama mtoto aliyetoka shule.

Halafu saa nne ikafika na mji mzima ukamwagika nje. Bibi wenye mikongojo, watoto ambao kwetu wangekuwa wamelala zamani wanakimbizana chini ya meza, wasichana wa likizo wamejipaka vitu vya kumetameta wakielekea kwenye muziki wa ufukweni. Baa hii inapiga wake, ile inapiga wake, na katikati yao watu wanakula samaki kwa utulivu. Mawe ya njia yalikuwa yamelainishwa na nyayo, nikakushika mkono nisiteleze, na hukuniachia hata tulipofika penye lami. Huo mkono nimeukumbuka mara nyingi.

Na wale wanaume wenye mashati meupe! Kila mlango wa mkahawa alisimama mmoja akitualika kwa mikono miwili, uso wote tabasamu. Nilifurahi mno. Nikawa namjibu kila mmoja kama nilivyolelewa Voi, mkono kifuani, "Asante, endeleeni, starehe." Mlango kwa mlango, uchochoro mzima, mpaka ukashika mbavu. "Mama, eish, hao wanauza! Ukiingia unalipa." Nilijua, sikuwa mshamba kiasi hicho. Lakini mtu akikualika humpiti kimya.

Hivyo ndivyo tulivyoishi hata hapa Johannesburg, Yeoville. Wakati wa uhai wa baba yako tulikula mlango wa fleti ukiwa wazi, na kila aliyepita kwenye korido nilimwambia karibu, awe Mkongo, Mnigeria au Mzulu. Wote walijibu kwa lugha zao kwamba wameshiba, wakaenda zao. Wewe ulikuwa mdogo, kidevu kinafika mezani kwa shida, ukaniuliza, "Na wakiingia?" "Hawaingii," nikakujibu, nikakuongezea mchuzi. Ninalikumbuka jibu hilo kuliko mambo mengi ya maana niliyokufundisha.

Basi usiku wa wakwe. Nilivaa kitenge changu cha zambarau na nikakuuliza mara tatu kama kimenikaa sawa. Kwetu mbele ya mkwe unakaa wima, unakula kidogo, hata chafya unaimeza. Baba yake Manoli alituketisha nje, meza ya mwisho, na uchochoro wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba wapita njia waligusa kitambaa cha meza kwa nyonga zao. Mkwe mwenzangu, mama yake Manoli, hakuwa na neno la Kiingereza wala mimi la Kigiriki, tukawa tunatabasamiana mpaka mashavu yakauma. Ikaletwa sahani ya konokono, na maganda yao. Nilikutazama, ukanitazama, ukaisogeza upande wako bila kusema kitu, ukamwambia Manoli unawapenda sana. Uongo mtupu. Nilikupenda mno pale. Mbele yangu ukaweka majani ya kuchemsha yenye limau na mafuta ya zeituni, nikaonja, nikasema, "Huu si mchicha?" na baba mkwe, ulipomfasiria, akacheka akanipakulia mengine kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikuwa nimetulia, Wawuda. Ndiyo maana mdomo ukafunguka. Watu wanapita karibu na sahani yangu, mimi nina chakula mkononi, nifanye nini? Nikawa nasema "Karibu" chini chini, na kiganja nimekifungua kuelekea mezani. Mzungu wa kwanza akatabasamu akapita. Wasichana wawili wakanipungia. Ulinigusa goti chini ya meza, nami nikadhani unanibembeleza.

Ndipo akaja yule mwanamke wa maua. Makamo yangu, kitambaa kichwani, ndoo ya mawaridi mkononi, miguu imevimba ndani ya viatu vya plastiki. Alikuwa amekataliwa meza zote za juu, nilimwona akija. Alipotufikia, kabla hajanyoosha ua, nikamwambia karibu. Akasimama. Akanitazama, akaniangalia kiganja, akajielekezea kidole kifuani kana kwamba anauliza, mimi? Nikaitikia kwa kichwa. Nani anaalika kisha anatikisa kichwa kukataa? Akaiweka ndoo chini, akalisogeza begi la mkwe mwenzangu lililokuwa kwenye kiti cha pembeni, akaketi. Akachukua kipande cha mkate, akakichovya kwenye mafuta, akakiuma.

 Mwenye mkahawa alikuja mbio, akamsemesha kwa ukali. Mwanamke hakubishana naye. Alinyoosha mkono tu, akanionyesha mimi. Meza nzima ikanigeukia. Baba mkwe akakuuliza kitu, nawe ukainamisha uso, ukajibu haraka haraka, kwanza kwao, kisha kwake yule mwanamke. Akasikiliza. Akaurudisha mkate juu ya kitambaa cha meza, umeumwa upande mmoja, akainama akachukua ndoo yake. Hakunitukana. Hata hakuniangalia.

Tulipokuwa tunarudi nilikuuliza umewaambia nini. "Nimewaambia hukumaanisha," ulisema. "Kwamba kwetu ni salamu tu."

Na wakwe walikuwa wema, hilo ndilo lililonimaliza. Mkwe mwenzangu alinipapasa mkono. Baba mkwe alisema utani fulani ili niinue uso. Yakaja matunda na vikombe vidogo vya pombe yao kali ambavyo hakuna aliyeviagiza, ukaniambia ni takrima ya mwenye mkahawa, yuleyule aliyetoka kumfukuza mtu. Wakaniinulia vikombe. Nilitamani mtu mmoja anikasirikie.

Nilirudi Johannesburg nikiwa na hakika kwamba najua aibu yangu ni ipi. Nimemwaibisha binti yangu mbele ya wakwe. Nilijiona mama mwenye ushamba, anayekuja mjini kwa watu na desturi za korido. Nikaacha kusema karibu. Kazini nilianza kula mlango umefungwa, na wenzangu wakadhani nimekuwa mchoyo au ninaumwa. Nyumbani nikafunga mlango wa fleti, ikawa nasikia nyayo za watu zikipita nje na ninatafuna polepole kana kwamba nimeiba.

Kisha kukatokea jambo la Mapendo. Unamkumbuka Mapendo, Mkongo wa Bukavu mwenye saluni Rockey Street, aliyekusuka ulipokuwa unaanza sekondari. Nilipita pale mchana akiwa mlangoni na sahani yake ya fufu na sombe, ugali na kisamvu cha kwao. Akasema kama anavyosema siku zote, "Karibu, mama, tukule." Miaka yote nimekuwa nikimjibu starehe, nikapita. Siku hiyo sikupita. Nilitaka kujua, Wawuda, sina sababu nyingine. Nikavuta stuli nikaketi.

Aliitazama sahani kabla ya kunitazama mimi. Nilimwona. Fufu lilikuwa la mtu mmoja, na huyo mtu mmoja alikuwa amesimama tangu asubuhi akisuka vichwa. Wateja waliokuwa ndani wakatugeukia. Basi akacheka, akaisukuma sahani katikati yetu. "Eh, mama! Bon, ikala, ikala. Ni kidogo, lakini iko." Ikala kwao ni kaa. Akanimwagia maji ya kunawa. Tukala. Alikuwa anachota matonge madogo madogo ili yangu yatoshe, akidhani sioni. Kila tonge nililomeza lilipita kwa haya. Nilitaka kuinuka, nikamwomba Mungu anipe sababu ya kuinuka, na nikajua hivyo ndivyo alivyohisi yule mwanamke na mkate wake.

Lakini Mapendo hakuniinua. Naye hakuwa amemaanisha, nakuapia. Alisema karibu kama ninavyoisema mimi, akitarajia starehe. Ila mtu alipoketi, aliimaanisha palepale, kwa sababu mtu ameketi. Hakuhitaji hata kufikiri. Hapo ndipo aibu yangu ilipohama pale ilipokuwa, ikaenda kukaa mahali pengine, na haijatoka huko mpaka leo.

Sikulaumu, mwanangu, na usisome barua hii kama lawama. Ulisema kweli. Uliwaambia wale watu jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua juu yangu, kwamba miaka yote hiyo ya mlango wazi niliwaalika watu kwa sababu nilijua hawaingii. Ulilijua tangu ukiwa na kidevu mezani, maana nilikuambia. Mmoja tu aliyewahi kuingia, kwenye meza ya watu wengine, katika nchi ya watu wengine, nilimwacha ainuke na njaa yake, na nilikuwa na mdomo. Ningeweza kuisogeza sahani ya mchicha. Kuisogeza tu sentimita chache, na wakwe wale, jinsi nilivyowaona, nadhani wangenyamaza wakaendelea kula. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, si goti.

Kwa hiyo uliponiomba Jumapili nisimkaribishe mtu, kuna nusu yangu iliyotaka kukuambia siji. Itakuwaje nikae uchochoro uleule, siku ya furaha yako, na wauza maua wanajua wapi kuna harusi? Lakini nimekufikiria wewe. Mimi nitakaa siku chache nipande ndege. Wewe utabaki. Utapita njia ile kila siku ukienda kazini, utanunua samaki kwa watu walewale, na siku moja utamsukuma mtoto wako kwenye mawe yale. Sina haki ya kukufanya uwe yule bibi harusi ambaye mama yake alifanya vile, mara mbili. Umetoka mbali kupata kiti kwenye meza hiyo, na najua hata wewe wanakuangalia.

Nimeomba likizo, nimekubaliwa. Karatasi za viza nazipeleka wiki ijayo. Nitakuja, Wawuda, nitavaa vizuri, nitacheza muziki wao kama goti litakubali, na nitamkumbatia mkwe mwenzangu mpaka achoke. Na sitamkaribisha mtu yeyote. Neno lako nimelisikia na nitalitii, ingawa kulitii kunanitia haya kuliko nilivyoona haya usiku ule.

Ila nina ombi moja, na wakwe usiwaeleze sababu. Usinikalishe upande wa njia. Nitafutie kiti cha ndani kabisa, uso wangu uelekee ukutani, na wewe ukae nyuma yangu unizibe. Nikimwona mtu anapita nami nina chakula mkononi, sitaweza kunyamaza.

Ni mimi ninayekuja,
Mama yako