Mkurugenzi Amenikataza Kuwaaga Watoto

Shangazi Fidelma mpendwa, nisaidie kabla sijapanda ndege, maana zimebaki siku kumi na saba na mwenzio silali vizuri wala chakula hakipiti. Naitwa Sorcha, mtu wa Roscommon kule Ayalandi, nina miaka ishirini na saba, na huu ni mwaka wa pili nafundisha Kiingereza katika kituo cha masomo ya jioni hapa Jecheon, Korea, watoto wanakuja wakitoka shule na mabegi yao makubwa, wamechoka, na bado wanacheka. Mkataba unaisha, kibali cha kukaa kinaisha nao, na baba yangu anafanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi ujao na hana wa kumuuguza ila mimi, kwa hiyo kubaki si jambo la kujadili.

Tatizo ni kwamba bosi wangu, Mkurugenzi Pyo, aliniita ofisini wiki iliyopita, akanikorogea kahawa ya pakiti, akasema, "Mwalimu Sorcha, watoto wasijue. Ijumaa yako ya mwisho fundisha kama kawaida. Jumatatu nitawaambia umeugua, umerudi kwenu kutibiwa." Nami nikainamisha kichwa nikasema sawa, kama tunavyosema sawa kwa kila kitu hapa, na nilipofika mlangoni ndipo nikaelewa nimekubali nini.

Shangazi, huyu mama si mtu mbaya, usije ukamtukana. Siku yangu ya kuzaliwa alinipikia supu ya mwani kwa mkono wake. Anasema miaka minne iliyopita kuna mwalimu aliwaaga watoto kwa machozi na keki, kufika mwisho wa mwezi kina mama kumi na mmoja wakawahamishia watoto wao kituo kingine mtaa huu huu, ikabidi amwachishe kazi mwalimu Nam ambaye alikuwa mjamzito. Nikimfikiria Nam naona Pyo ana haki. Halafu namfikiria Bo-ram, naona hana.

Bo-ram ana miaka tisa. Nilipofika alinitazama wiki mbili bila kusema neno, na siku aliyofungua mdomo akaniuliza, "Ticha Callum hajapona tu?" Callum ndiye aliyeniachia darasa, na Callum, Shangazi, hakuwahi kuugua hata mafua, yuko Glasgow anauza baiskeli. Nikamjibu sijui. Miezi minane mtoto huyo hakusoma kwa sauti. Sasa anasoma, tena anawakemea wenzake wakikosea, na tarehe ishirini atasimulia hadithi kwenye mashindano ya watoto katika ukumbi wa mji, wakati mimi tarehe kumi na moja niko angani. Juzi akanishika mkono tukitoka darasani.

"Ticha, siku ile utakaa mbele nikuone?"

"Nitakaa."

"Ahadi?"

"Ahadi."

"Basi piga muhuri."

Unajua wanavyofanya, vidole vidogo vikashikana, dole gumba likagusa dole gumba, huo ndio muhuri, halafu akapitisha kiganja chake juu ya changu, hiyo ndiyo nakala, kila mtu abaki na yake. Nikampa nakala ya uongo huku natabasamu, na tangu hapo nikimwona anakuja naingia chooni kujificha. Nikisema, nimemsaliti Pyo, na barua yake ya sifa naihitaji nipate kazi ya kufundisha nyumbani. Nikinyamaza, nimemfanyia Bo-ram kile kile cha Callum. Nifanye nini?

Sorcha, Jecheon

*

Sorcha mwanangu,

Kwanza nikuseme, kisha nikubembeleze. Kichwa ulikiinamisha wewe, na kidole ulikitoa wewe. Ndani ya wiki moja umempa mama mzima ahadi moja na mtoto ahadi nyingine, ukijua kabisa hazikai pamoja, kwa sababu tu unaogopa kumwona mtu akikunja uso. Huo si wema. Ni uoga wenye adabu, na sisi Waayalandi tumejaliwa uoga huo kuliko hata mvua.

Umesikia? Haya, sogea. Ungekuwa huna moyo usingejificha chooni.

Mimi nimeishi Korea miaka ishirini na miwili, nimeolewa Wonju, na nina kituo changu mwenyewe, vyumba viwili juu ya duka la miwani. Kwa hiyo hofu ya Pyo naijua, na uongo ule nimeshausema kwa mdomo wangu, mara mbili. Mara ya pili, msichana mmoja alirudi kesho yake na bakuli la uji wa mchele limefungwa kwa kitambaa, mama yake ameupika kwa ajili ya mwalimu mgonjwa. Ulikuwa bado wa moto. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikamwambia mwalimu atafurahi sana. Sikuwa na pa kuupeleka, nikaula. Nina aibu mpaka leo, na sijausema uongo ule tena.

Sasa fanya hivi. Kesho nenda kituoni mapema, saa ambayo Pyo anafuta meza na hakuna mtu. Usimwandikie ujumbe kwenye simu, na usilie. Mwambie, "Mkurugenzi, nilisema sawa na haikuwa sawa. Nimemwahidi Bo-ram uongo, naomba unisaidie kuurekebisha." Muombe msaada, usimpe somo. Na umwambie jambo nililojifunza kwa kuumia: kina mama hawa hawahami kwa sababu mwalimu anaondoka, kila mzazi anajua wageni huondoka. Wanahama wakiona darasa limebaki wazi, au wakigundua wamefichwa. Kwa hiyo mwalimu mpya aje siku nne kabla hujaondoka, mfundishe pamoja, na Pyo mwenyewe awapigie simu kina mama, akianza na mama yake Bo-ram. Kwangu mwaka jana tulifanya hivyo, akahama mtoto mmoja tu, naye baba yake alikuwa amepata kazi Daegu.

Akikataa? Anaweza kukataa. Basi mwambie usoni, kwa heshima, kwamba wengine utawanyamazia lakini Bo-ram na mama yake utawaambia. Pyo alisikie kwako kabla hajalisikia mtaani. Barua ya sifa huenda ukaikosa. Ikose, kazi nyumbani utaipata kwa njia ndefu zaidi.

Na Bo-ram mwambie wewe, kwa Kikorea chako, hata kikiwa kibovu, mama yake akiwepo. Mwambie tarehe ishirini hutakuwepo, na kwamba ulilijua hilo ulipokuwa unapiga muhuri. Usimpoze kwa ahadi mpya, sijui nitakupigia kila Jumapili, sijui nitarudi majira ya joto. Nakujua, kidole kitakuwasha. Kiweke mfukoni.

Tena mwambie wiki hii. Najua utatamani kungoja siku ya mwisho, mlie mara moja yaishe. Ukifanya hivyo atanuna na wewe uko ndani ya ndege, sasa atamnunia nani? Mwambie mapema, anune, agome kusoma, ahamie kiti cha nyuma, na wewe uingie darasani kila siku akuone. Kununiwa ndiyo kazi uliyobakiza huko Jecheon. Ifanye mpaka Ijumaa ya mwisho.

Shangazi Fidelma