Kigoda cha Kukamulia

Mama, shikamoo.

Hao heroe, ndege wenye miguu mirefu kwenye picha ya kadi hii, wapo kweli hapa ziwani Singida, ila mimi nakuandikia habari ya kigoda. Tangu chuo chetu cha Mandewa kiletewe kompyuta, tunachora kifaa kwanza kwenye skrini, halafu tunakichonga wenyewe kwa mkono. Nikachora kigoda cha kukamulia, nikakipa miguu minne kwa sababu kwenye skrini kilipendeza. Nilipokichonga na kukiweka uani, kikachezacheza kama meza ya mgahawa. Mwalimu akauliza, "Kwenu kinakaliwa wapi?" Nikamjibu, "Zizini." Mtoto wa wafugaji mimi, nimesahau kwamba zizini chini ni mashimo ya kwato. Nikachora upya, miguu mitatu isiyochezacheza hata pasipo sawa, na kukiinua kidogo kwa ajili ya goti lako linalouma.

Jana wageni walikuja kuona kazi zetu. Mzee mmoja wa Sepuka akakikalia bila kuomba. Akatanua magoti, akainama, na mikono ikaanza yenyewe kuvuta chuchu zisizokuwepo. Watu wakacheka. Yeye akaniangalia, hana hata tabasamu.

"Binti, ng'ombe yuko wapi?"

Mama, tangu nizaliwe sijasifiwa hivyo. Nikamwambia yuko Manyoni, kwa mama yangu.

Kigoda nampa kondakta wa basi la Jumamosi, kipokee stendi. Nisalimie baba na wadogo zangu. Ukishakikalia, kikombe cha kwanza cha maziwa kinywe kwa niaba yangu.

Mwanao,
Neema