Sauti Nyuma ya Kamera

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya salamu, acha niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana nikichelewa nitaogopa: sauti utakayoisikia kwenye diski niliyoifunga pamoja na barua hii si ya mama. Ni yangu.

Sasa nakusalimu. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Mtoto ameshaota meno? Sisi tu wazima. Goti linamsumbua baba, ila hakubali kuitwa mgonjwa.

Nilipomaliza shule nilikuwa naranda tu nyumbani. Baba akanikabidhi zile kanda kumi na moja za video za juu ya kabati, akasema nizihamishie kwenye diski kabla ukungu haujazimaliza. Mjomba akaniazima kompyuta, deki yake ya zamani na kikasha cha kuviunganisha. Kazi yenyewe ni ya kukaa: mkanda wa saa moja huhamishwa kwa saa moja.

Kanda kumi alizipiga baba. Nimekuona ukikataa kuogeshwa, ukimfukuza na kamera yake kwa ufagio. Mama anapita tu, amejifunika uso kwa mkono, hasemi neno.

Ya kumi na moja aliipiga mama. Mimi bado niko tumboni, baba anaunganisha kitanda changu, wewe unampa skrubu. Mama haonekani hata kidole, lakini mdomo wake haupumziki! Anamwuliza baba kama hicho ni kitanda au ngazi. Anakuagiza uhesabu skrubu, kwa sababu fundi wetu kila akimaliza kazi hubakiwa na nusu. Baba anamjibu kwamba mwenye kamera hana kazi, aje ashike nyundo.

Dada, wewe unaikumbuka sauti yake. Mimi nilikuwa natambaa alipofariki. Kompyuta ya mjomba haitoi sauti wakati wa kunakili, nami nilitaka kumsikia. Nikachomoa waya za sauti, nyekundu na nyeupe, nikazichomeka kwenye televisheni, nikainama mbele yake kama mtu anayeota moto. Mkanda ulipokwisha ndipo nikagundua kwamba kompyuta imechukua picha bila sauti. Nikaurudisha nyuma nianze upya, deki ikautafuna. Niliutoa umekunjamana kama utumbo wa kuku, umekatika mara tatu.

Nililia sana. Kisha nikakumbuka jinsi shangazi anavyoshtuka nikipokea simu, akisema sauti yangu ni ya mama kabisa. Nikaandika maneno yote niliyoyashika, nikajifungia chumbani na kipaza sauti. Mimi, ambaye hata chumvi dukani naiomba kwa kunong'ona! Nilirudia mara nyingi mno hadi nikaweza kumtania baba kwa sauti ya juu. Kisha nikaiunganisha sauti hiyo na picha, nikamwambia baba kwamba sauti yake na yako zimeliwa na ukungu, ya mama imebaki kwa kuwa alikuwa karibu na kamera.

Jumapili baba akatazama. Alicheka hadi akalishika goti, akawa anaijibu televisheni, eti subiri kwanza, mama watoto, utakiona hicho kitanda.

Lakini kuna lililo zito zaidi. Mwishoni baba anakisimamisha kitanda, anageukia kamera. Hapo sikujua mama alisema nini. Wakati nasikiliza nilikuwa nimezidiwa na kilio. Nikatunga. Nikasema: ahsante, baba watoto, umetutendea vizuri.

 Baadaye baba akaniambia kwamba mama hakuwa mtu wa kushukuru, lakini siku ile alimshukuru, na kwamba yeye anaikumbuka kabisa. Tangu hapo, kila tukimaliza kula, huniomba nimwekee kipande hicho peke yake.

Wewe ulikuwepo. Ukikumbuka alichosema kweli, niandikie mimi, usimwandikie baba. Na akikupigia simu akakuuliza kama umeyasikia maneno ya mwisho ya mama, tafadhali, dada, mwambie umeyasikia. Nakuomba siri hii isitoke kwako, hata kwa shemeji.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
yule mnayemwita Kimya